Duolian ya miaka ya 1930 inavuma kwenye noti ya G tu: koni imekufa, au kuna kitu kimelegea?

#1 · Slaidi_Tanga

Wakuu, salaam. Swali hili ni la wanaoyajua magitaa ya bati kwa ndani.

Gitaa ni National Duolian, mwili wa chuma, shingo ya duara, na shingo inakutana na mwili kwenye freti ya 12. Namba iliyogongwa kichwani inaanza na herufi C. Ndani kuna koni moja ya alumini ya inchi 9.5, ndiyo inayokuza sauti, na juu yake biskuti (kisahani cha mbao) iliyobeba kidaraja, pale nyuzi zinapolalia. Tuni ni D wazi, yaani D A D F# A D, kuanzia uzi wa sita kwenda wa kwanza. Kulikuwa na seti ya nyuzi ya 12, yaani uzi wa kwanza wa unene wa inchi 0.012. Nyuzi zikatolewa zote kwa mpigo, kifuniko kikafunguliwa ili vumbi lipanguswe, kisha ikafungwa seti ya 13 hadi 56, fosfa bronzi.

Tangu hapo uzi wa nne, freti ya tano, unalia kama nyuki aliyefungiwa kwenye kopo. Freti ya nne safi, ya sita safi. Noti moja tu. Fundi mmoja ameligonga kwa kidole, akasikiliza, akasema koni imekufa, inunuliwe nyingine. Sikubali. Koni iliyodumu miaka tisini haifi kwa kubadilishiwa nyuzi. Mnasemaje?

#2 · Mzee_wa_Koni

Usinunue kitu. Kwanza tujue kosa liko kwenye freti au kwenye mlio wenyewe.

Uzi wa nne ukibanwa freti ya tano unatoa G, mitetemo 196 kwa sekunde. Kwa tuni yako, G hiyohiyo iko mahali pengine pawili: uzi wa tatu freti ya kwanza, na uzi wa tano freti ya kumi. Zipige zote kwa nguvu ileile. Zikivuma, freti haina kosa: kuna kitu mwilini kimelegea na mtetemo wa 196 ndio unaokiamsha. Zisipovuma, chukua rula fupi ya chuma uilaze juu ya freti ya tano, ya sita na ya saba. Ikicheza kama pembea, freti ya sita imeinuka na uzi unaigusa.

Njia fupi zaidi: weka slaidi (kibomba cha kutelezesha juu ya nyuzi) juu ya freti ya tano bila kugusisha uzi kwenye ubao. Freti zikiwa hazihusiki kabisa na nyuki bado yupo, umeshajua.

#3 · Nyundo_Ndogo

Jibu limo kwenye maelezo yako mwenyewe, hapo uliposema nyuzi zilitolewa zote kwa mpigo.

Koni ya National haijagundishwa popote. Imekaa kwenye ukingo wa kisima, lile shimo la duara mwilini, kama mfuniko wa sufuria, na kinachoishikilia ni nyuzi tu zinazoikandamiza kupitia kidaraja na biskuti. Ukizitoa zote, koni iko huru. Ukiinua gitaa kidogo tu, imeteleza. Ukifunga tena, upande mmoja umepanda juu ya ukingo kwa unene wa kucha, na hapo ndipo nyuki anapoingia.

Kuifungua bila kuharibu:

Funga kepo (kibano cha shingoni) freti ya kwanza ili nyuzi zisitoke kwenye vigingi. Legeza nyuzi mpaka mkia, kile chuma kinachoshika ncha za nyuzi, uweze kunyanyuliwa kutoka kitakoni. Bandika utepe wa karatasi juu ya nyuzi zote sita karibu na mkia zisitawanyike. Toa skrubu za kifuniko, na kila moja uichomeke kwenye kipande cha boksi ulichochora duara, ili irudi kwenye tundu lake lilelile. Matundu ya zamani yameshachakaa kila moja kwa namna yake. Ukichanganya, mbili tatu zitazunguka bila kushika. Kifuniko kikiachia, kigeuze ukilaze juu ya shingo, kwenye kitambaa, nyuzi zikiwa bado zimepita chini ya kikingio cha mkono.

Sasa angalia koni kabla hujaigusa. Nafasi kati ya mzingo wake na ukuta wa kisima iwe sawa pande zote. Kama upande mmoja umebana na mwingine una pengo, umeshampata mwizi wako.

#4 · DadaBati

Naongeza kabla watu hawajakimbilia koni. Mkia wa chuma juu ya mwili wa chuma ndiyo njuga ya kawaida kuliko zote kwenye magitaa haya, na watu huifikiria mwisho.

Piga hiyo G huku mtu mwingine akibonyeza mkia kwa kidole. Nyuki akinyamaza, kata kipande cha felti au ngozi laini, unene wa milimita moja hadi mbili, ukiweke chini ya mkia pale unapolalia kifuniko. Hakikisha pia vishungi vya nyuzi (vile vifundo vya ncha) vimekaa ndani kabisa ya matundu yake. Seti mpya huwa na kishungi kimoja kilichokaa upande, na kikitetemeka utaapa koni imepasuka.

Halafu kuna kipande cha uzi kati ya kidaraja na mkia. Nacho kina noti yake. Kibane kwa kidole upige tena.

#5 · KijanaWaMagita

Mkuu, si ukaze tu ile skrubu ya katikati ya daraja? Kwenye Dobro, yale magitaa mengine ya koni, nusu mzunguko unamaliza kazi. Na hao Dobro ndio waliovumbua mambo haya, National wakaiga.

#6 · Mzee_wa_Koni

#5, mwanangu, hapana, na ushauri huo kwenye Duolian unatoboa koni. Mifumo ni mitatu, tusiichanganye.

Wa kwanza ni wa koni tatu. Kila koni ina inchi 6, mbili zimekaa upande wa besi na moja upande wa nyuzi nyembamba, na juu yake kuna daraja la alumini lenye umbo la T. Wa pili ni koni moja ya inchi 9.5, kilele juu kama kichuguu, biskuti imekaa kileleni. Huo ndio wa Duolian. Wa tatu ni wa Dobro: koni ya inchi 10.5 imelala kama bakuli, mdomo juu, na juu yake kuna buibui wa chuma wa miguu minane anayekanyaga mzingo wa koni. Skrubu unayoisema inamvuta buibui kuelekea katikati ya bakuli. Huo ni mvuto wa makusudi. Ukikaza mno hata huko, sauti inakabwa.

Skrubu ya biskuti inaingia kutokea chini, inapita kwenye kilele cha koni na kuishika mbao. Huwezi hata kuifikia kwa juu. Kazi yake ni kushikilia tu, haivuti chochote. Ikikazwa kupita kiasi, kilele kinabonyea, na baada ya muda ufa mwembamba kama unywele unazunguka tundu la skrubu. Biskuti ikae bila kucheza, basi.

Habari ya nani alianza, namwachia anayeipenda.

#7 · Kumbukumbu_ya_Bati

Naichukua mimi. National walitangulia. Kampuni ilianza Los Angeles, na gitaa la koni tatu likatoka 1927. Mtengenezaji ni John Dopyera, mzaliwa wa Slovakia ya leo. Aliyelichochea wazo ni George Beauchamp, mpiga gitaa wa majukwaani aliyetaka gitaa lisikike katikati ya tarumbeta. Kumbukeni wakati huo gitaa la umeme lilikuwa halijaingia sokoni. Njia pekee ya kusikika ilikuwa kulifanya gitaa lenyewe lipige kelele.

Wakagombana. Kabla ya 1929 kwisha Dopyera alikuwa ameshatoka, yeye na ndugu zake wakaanzisha Dobro. Jina ni Dopyera na "brothers" yaliyounganishwa, na kwa Kislovaki dobro ni kitu chema. Patenti ya koni moja yenye biskuti ilitoka kwa jina la Beauchamp, Dopyera akashikilia kwamba wazo lilikuwa lake. Ugomvi huo watu wanaendelea nao mpaka leo. Katikati ya miaka ya 1930 kampuni mbili zikaungana tena, kazi ikahamia Chicago, na vita ilipokuja, chuma kikaenda kwingine, magitaa ya bati yakasimama. Beauchamp mwenyewe alishageukia gitaa la umeme na Rickenbacker, yule ambaye karakana yake ilikuwa ikiwatengenezea National miili ya chuma.

Duolian ilikuja 1930 kama gitaa la mnyonge. Dola 32.50, mwili wa chuma uliopakwa rangi yenye machapa kama ukungu ulioganda kwenye kioo. Style O, nayo ya National, ya brasi iliyopakwa nikeli, yenye minazi ya Hawaii, ilikuwa karibu mara mbili ya bei hiyo.

#8 · MpigaChupa

Na hilo la mnyonge ndilo lililobeba blues. Bukka White alilipiga la aina hiyo. Tampa Red yeye alikuwa na la koni tatu, la dhahabu, na sauti za magitaa hayo mawili ni tofauti kama maji na mafuta: la koni tatu linavuta noti, linaziacha zielee, la biskuti linabweka halafu linanyamaza. Mtu akisema la biskuti "halina pumzi", halijaharibika. Ndivyo lilivyoumbwa.

#9 · Slaidi_Tanga

Ahsanteni. Matokeo:

Uzi wa tatu freti ya kwanza: inavuma. Uzi wa tano freti ya kumi: inavuma, hafifu kidogo. Kwa slaidi bila kugusa ubao: inavuma. Kwa hiyo freti nimezitoa kwenye kesi.

Kubonyeza mkia: nyuki anapungua kama nusu, haondoki. Kubana nyuzi nyuma ya kidaraja: hakuna tofauti. Kubonyeza kifuniko karibu na kikingio cha mkono: anaondoka kabisa. Kubonyeza kifuniko upande wa chini, karibu na mkia: anarudi.

#10 · Nyundo_Ndogo

Nilisema. Ukibonyeza kifuniko kinaigusa koni na kuirudisha mahali pake.

#11 · DadaBati

#10, kifuniko hakitakiwi kuigusa koni hata kidogo. Kikiigusa, hilo ndilo tatizo lenyewe!

Vifuniko vya mwanzo vya Duolian vilikuwa tambarare, vyepesi. Mbavu za kukaza zilikuja baadaye. Miaka tisini ya viganja vikipumzika pale juu, kifuniko kinazama. Upenyo uliobaki kati ya biskuti na kifuniko unaweza kuwa chini ya milimita moja. Slaidi_Tanga, kata kipande cha karatasi ya kawaida, pana kama kidole, ukipitishe kuzunguka biskuti yote kupitia uwazi wa chini ya kikingio. Kikikwama mahali, hapo chuma kinagusa mbao. Dawa yake ni kukitoa kifuniko, kukilaza kifudifudi juu ya mfuko wa mchanga, na kukirudisha kwa gumba, taratibu, kutoka pembeni kwenda katikati. Nyundo usishike.

#12 · Mzee_wa_Koni

Ipo sababu ya nne ambayo haijatajwa: fimbo.

Shingo ya National haiishii kwenye mwili. Inaendelea kama fimbo ya mbao inayopita ndani, chini ya koni, hadi mwisho wa kitako, ambako inashikwa na skrubu. Kati ya fimbo na mgongo wa gitaa kuna vigogo vidogo vya mbao vyenye umbo la uyoga, vimebanwa bila gundi ya maana. Mbao ikikauka, kigogo kinalegea. Hakianguki, kinasimama tu na kucheza. Kubonyeza kifuniko upande wa shingo kunaukunja mwili kiasi cha kukibana tena. Nyuki ananyamaza, na kila mtu anaisingizia koni.

Kipimo: zuia nyuzi zote kwa kitambaa, geuza gitaa, gonga mgongo kwa fundo la kidole kufuata mstari wa katikati, kuanzia shingoni hadi kitakoni. Pale penye kigogo kilichobana, mlio ni mfupi na mzito. Penye kilicholegea unasikia tiki ndogo inayofuata, kama punje ya mchele kwenye kopo. Kikiwa kimelegea, weka kipande cha kadi ngumu au ubao mwembamba wa maple juu yake. Usiweke nene, ukizidisha unausukuma mgongo nje na shingo inabadili pembe, nyuzi zinapanda au kushuka.

#13 · KijanaWaMagita

Nimekosolewa nimekubali, shikamoo mzee. Ila hamjasema lolote kuhusu nyuzi nene. Ametoka 12 kwenda 13. Si mzigo umeongezeka na koni imezama?

#14 · MpigaChupa

Kwa tuni ya D wazi mzigo unashuka, ndugu. Uzi wa kwanza wa 13 ukitunwa D unavuta kama asilimia 93 ya wa 12 uliotunwa E. Hakuna kilichozidi.

#15 · KijanaWaMagita

Hesabu hiyo ni sahihi kama zamani lilitunwa kawaida. Je, ile seti ya 12 nayo ilikuwa kwenye D wazi? Ikiwa ndivyo, mvuto wa uzi wa kwanza umepanda kama asilimia 17, kwa sababu tuni ni ileile na unene umezidi. Na hata kama ilikuwa tuni ya kawaida, uzi wa nne na wa tano haushuki katika D wazi: D inabaki D, A inabaki A. Hizo mbili zimepanda kwa hali yoyote, na nyuki yuko kwenye uzi wa nne.

#16 · Slaidi_Tanga

Ilikuwa D wazi tangu mwanzo.

#17 · Mzee_wa_Koni

Kijana, hapo umepiga shabaha. Mzigo umeongezeka. Bado asilimia 17 haiui koni nzima, lakini inaweza kuonyesha udhaifu uliokuwapo. Slaidi_Tanga, pima kimo cha nyuzi freti ya 12 uniambie kama kimeshuka ukilinganisha na awali. Koni inayozama hushusha nyuzi. Hilo huoni kwa macho, unalipima.

#18 · Kumbukumbu_ya_Bati

Jambo moja kwa wenye shingo za duara wanaosoma hapa: msije mkachukua tuni ya G B D G B D ya wapiga gitaa la kulalia pajani mkaiweka kwenye Duolian. Tuni hiyo ni ya shingo za mraba. Uzi wa tano unapanda kutoka A hadi B na wa sita kutoka E hadi G. Shingo ya duara ya zama hizo haina fito ya kurekebishia ndani, ikikunjika imekunjika. Kwa shingo ya duara tumieni D G D G B D. Hapo hakuna uzi unaopandishwa.

#19 · Kisauni_Koni

Wakuu, uzi huu una nyuzi nyingi kuliko gitaa lenyewe. Naomba niulize pembeni: huku pwani chumvi inayala haya magitaa. La brasi lenye nikeli limeanza kuwa na ukungu mweupe, na ndani ya koni kuna unga mweupe. Nisafishe kwa nini?

#20 · DadaBati

Kisauni, ni mambo mawili tofauti.

Ukungu juu ya nikeli uache, au pangusa kwa kitambaa laini kilicholowa maji kidogo, halafu kikavu. Dawa za kung'arishia shaba zina mchanga ndani yake, na nikeli ya zamani ni nyembamba. Ukisugua mara tano unaona njano ya brasi kwenye pembe, na hakuna anayeirudisha bila kuipaka upya yote. Kinachosaidia kweli ni kupangusa jasho kila baada ya kupiga, hasa pale mkono wa kulia unapolalia, na kuweka pakiti mbili tatu za silika kwenye kasha.

Unga mweupe kwenye koni ni alumini inayoliwa. Brashi laini ya kupaka rangi, kavu, bila maji na bila siki. Kisha iinue koni mbele ya taa ndani ya chumba chenye giza. Ukiona nuru inapenya kama nyota, imetoboka, na hiyo kweli inataka nyingine. Usiposhuhudia nyota, irudishe.

Wa Duolian muwe macho na kitu kingine: chuma chake kinashika kutu chini ya rangi, na rangi inaficha. Pita kidole kwenye ukingo wa chini unaoegemea paja. Ukihisi vipele, kutu imeanza.

#21 · Slaidi_Tanga

Nimelifungua kwa utaratibu wa #3. Yafuatayo ndiyo yaliyoonekana.

Koni ilikuwa imehama. Pengo upande wa besi lilikuwa kama milimita moja na nusu, upande wa pili limebana kabisa. Nyundo_Ndogo, hapo ulikuwa sahihi.

Karatasi ya DadaBati ilikwama upande wa mkia wa biskuti, na kwenye mbao pana alama nyeusi inayong'aa ya kusuguliwa na chuma. Kwa hiyo naye ni sahihi.

Kigogo cha kati, chini ya koni, kinazunguka kwa vidole viwili. Mzee naye.

Kimo freti ya 12, uzi wa sita: ilikuwa milimita 3.2, sasa 2.8.

#22 · Mzee_wa_Koni

Milimita 0.4 si haba. Lakini koni iliyohama nayo inashusha kimo, na kigogo kilicholegea kinabadili pembe ya shingo. Kwa hiyo namba hiyo peke yake haimtaji mtu. Rekebisha kimoja, kusanya, piga, andika. Kisha kingine. Ukivirekebisha vyote kwa pamoja utapona bila kujua ulikuwa unaumwa nini.

#23 · Nyundo_Ndogo

Naungana na mzee. Anza na koni kwa sababu haina gharama. Irudishe katikati, ishike kwa vipande vinne vidogo vya utepe wa karatasi, saa 12, 3, 6 na 9, kaza nyuzi mpaka koni ibanwe, legeza tena kidogo tu, toa utepe, funga kifuniko. Na siku nyingine badili nyuzi moja moja.

Wapo wanaoweka nukta za nta ya nyuki kwenye ukingo ili koni isitembee. Kwangu ni njia nzuri, nukta nne zenye ukubwa wa punje ya mtama.

#24 · DadaBati

Nta sikubaliani nayo. Koni inatakiwa kupumua kwenye mzingo wake. Nta inaufunga, inakusanya vumbi, na kwenye joto letu inalainika na kutiririka kisimani. Koni iliyokaa sawa haihitaji kushikwa na kitu zaidi ya nyuzi.

#25 · Nyundo_Ndogo

Nukta nne haziufungi mzingo wa inchi 9.5. Ungesema wanaomimina duara zima, hapo tungekubaliana.

#26 · Slaidi_Tanga

Hatua kwa hatua, kama mlivyosema:

Koni katikati, bila nta: nyuki amepungua, anasikika tu ukipiga kwa nguvu. Kimo kimerudi 3.0.

Kifuniko kimesukumwa kwa gumba juu ya mfuko wa mchanga, karatasi sasa inapita bila kukwama: hakuna tofauti niliyoisikia.

Kadi ngumu juu ya kigogo cha kati: nyuki amepungua tena, lakini noti imekuwa fupi, kavu. Kadi ilipotolewa uhai umerudi na nyuki naye kidogo. Felti chini ya mkia: kimya kwa kupiga kwa vidole, bado anasikika kwa kupiga kwa slaidi ya chupa na nguvu.

Halafu nimeilaza koni juu ya kioo. Sehemu moja ya mzingo, urefu wa vidole vitatu, feela geji (bamba jembamba la kupimia upenyo) ya milimita 0.15 inapita chini yake. Kwingine haipiti.

#27 · Mzee_wa_Koni

Hiyo 0.15 ndiyo mbegu. Mzingo umepinda. Laza koni kifudifudi juu ya kioo, na kwa mgongo wa kijiko cha mbao bonyeza sehemu hiyo kutoka juu, mwendo wa duara, nguvu ya kupiga muhuri. Pima kila baada ya mizunguko kumi. Aluminiamu ya zamani ni laini, inasikia. Kuhusu kadi: ilikuwa nene, au umeibana upande mmoja. Jaribu karatasi mbili za daftari badala yake.

#28 · DadaBati

Msikimbilie kijiko. Koni hiyo imeishi juu ya ukingo huohuo kwa miongo. Kama ukingo wa kisima nao umepinda 0.15 mahali palepale, koni imejifunza umbo lake, na ukiinyoosha utaleta pengo ambalo halikuwapo.

#29 · Nyundo_Ndogo

Na ukingo wa kisima ukiachia solda, unacheza wenyewe na koni ikiwa nzima. Bonyeza kisima kwa mpini wa bisibisi uliofungwa kitambaa, kuzunguka. Ukisikia tiki, hapo.

#30 · KijanaWaMagita

Si aizungushe tu? Alegeze skrubu ya biskuti, aigeuze koni robo mzunguko chini ya biskuti, biskuti ibaki mwelekeo wake ili kidaraja kisipinde. Kama nyuki hajabadilika, kosa ni la kisima. Akibadilika, akapungua au akahamia noti nyingine, ni koni.

#31 · Mzee_wa_Koni

Hiyo ni kazi nzuri. Fanya hivyo kabla ya kijiko.

#32 · Slaidi_Tanga

Naizungusha kesho asubuhi kabla jua halijapasha chuma moto.

#33 · DadaBati

Kabla hujalegeza skrubu, weka alama mbili kwa penseli laini: moja kwenye mzingo wa koni mahali penye 0.15, nyingine kwenye ukingo wa kisima chini yake. Penseli, si kalamu ya wino. Ncha ngumu inachora alumini na mchoro huo ndio unaogeuka ufa. Na skrubu ya biskuti unapoirudisha, igeuze kwanza kinyume mpaka uhisi imeangukia kwenye mfereji wake wa zamani ndani ya mbao, ndipo ukaze.